Ngiri ya Zamfira

Zamfira alikuwa mtengeneza jibini katika milima ya Maramureș. Kila alipoinua ndoo ya maziwa, uvimbe ulimtokeza kinenani. Akilala, unarudi ndani. Mama mkwe wake, Paraskiva, alimfunga jani la kabichi kwa mkanda.

"Ngiri ni ya wanaume, mwanangu. Usituaibishe. Na nyasi za mifugo bado hazijakatwa."

Uvimbe ulipoanza kuuma, Zamfira alishuka mjini. Daktari akamweleza kwamba ukuta wa tumbo umepata tundu na utumbo unapenya. Mkanda hauzibi tundu, na utumbo ukinaswa hapo unaweza kufa. Dawa yake ni kupasuliwa na kushonewa wavu wa kuziba tundu.

Alirudi nyumbani kufunga virago vya kwenda hospitali. Paraskiva akaziba mlango. "Na nyasi je?"

"Nyasi zitaota tena mwakani, mama. Utumbo hauoti. Nipishe!"

Akapasuliwa, akapona. Jumapili, nje ya kanisa, Paraskiva alikuwa akiwaambia watu kwamba mkwewe aliumwa kidole tumbo.

"Kidole tumbo gani?" Zamfira akapaza sauti. "Ni ngiri, na nimeshonwa!"

Wanaume wakacheka. Jirani yake Ruxandra hakucheka. Alimvuta mkono pembeni, akanong'ona, "Dada, huyo daktari anaitwa nani?"