Mkanda wa Punda Milia

Mtaani walimwita Bwana Harusi, kwa kuwa alikodisha magari ya maharusi. Asubuhi hiyo aliubwaga mkanda wa shingo juu ya meza ya kazi kwa nguvu, na misumari ikaruka hadi sakafuni.

"Takataka gani hii mmenishonea?"

Fundi hakuinua uso. Aliugeuza mkanda. Upande wa ndani damu ilikuwa imekauka, na nywele zimenasa kwenye mshono, nyeusi kwa nyeupe. Pembeni kulikuwa na alama ya mhuri wa marehemu baba yake, ule uliowafanya wenye punda waje kutoka mbali.

"Punda milia wangu namlaza njaa siku ya tatu leo," Bwana Harusi alisema. "Namtandika mpaka mkono unaniuma. Hatua ya nne anajibwaga chini! Punda mvivu aliyevaa pajama, basi. Nataka mwingine mwembamba zaidi, na ndani mtie misumari, ncha zichungulie kidogo tu. Jumamosi lazima avute gari la bibi harusi."

"Hilo dogo, mzee," kaka yake Fundi alidakia. "Kesho mapema."

Fundi alimtazama kaka yake kama anavyotazama ngozi iliyooza. Baba yao hakuwahi kutoa mkanda kabla mwenye mnyama hajauvaa mwenyewe na kuvuta mkokoteni wa magunia mawili ya chumvi, kutoka mlangoni hadi getini. Wauza maji waliuvaa, wauza mkaa waliuvaa, wakichekana. Ukikukata, unafumuliwa palepale. Bwana Harusi peke yake ndiye aliyesamehewa, na aliyemsamehe ni kaka. Tena kwa kuwa punda milia hakukubali kusogelewa, kaka alikwenda kupima shingo ya punda wa muuza maji, akarudi na kipimo hicho bila haya.

"Hujauvaa," Fundi alisema.

"Nani, mimi?"

"Bila kuvaa sishoni. Na mhuri wa baba hautagusa msumari."

"Dada, usituaibishe!" kaka alinong'ona kwa ukali.

"Mnyama yule kaumbwa avute," Bwana Harusi alisema. "Watu walimwacha porini kwa uvivu wao."

"Hata punda hakuzaliwa na mkokoteni. Vaa."

Bwana Harusi aliangua kicheko. Uani wauza maji wawili walikuwa wakingoja hatamu zao, na hakutaka waseme ameogopa kipande cha ngozi. Akavua koti, akainama. Fundi alimvisha ule ule wenye damu, akaufunga kisogoni kwenye tundu la mwisho, lile ambalo mteja mwenyewe alilitoboa kwa msumari nyumbani kwake. Akaunganisha kamba za mkokoteni ule wa chumvi.

"Haya. Vuta."

Hatua ya kwanza alicheka. Ya pili aliguna. Ya tatu macho yalimtoka, mikono ikaparamia kisogo ikitafuta bizimu la kufungulia isilipate.

"Nifungue!"

"Geti lile pale."

"Nifungue, we mwanamke!"

"Mnyama wako alipojibwaga chini, ulimfungua?"

Mmoja wa wauza maji alicheka, akajiziba mdomo. Kaka ndiye aliyekimbia kumfungua. Bwana Harusi alikohoa, akatema mate karibu na miguu ya Fundi.

"Nitaifunga karakana hii!"

"Mwenzako alifika ya nne," Fundi alisema. "Wewe umeishia ya tatu, tena umeshiba."

Bwana Harusi alitoka bila koti. Kaka alilinyakua akamfuata mbio, akarudi baadaye mikono mitupu, uso umemvimba kwa hasira.

"Ameenda kwa fundi wa kule sokoni! Umefurahi? Umetuzika!"

Fundi alikuwa ameshaukata mkanda vipande vinne kwa kisu cha ngozi. Mhuri wenyewe wa chuma alikuwa ameufunga kwenye pindo la nguo yake, mahali ambapo mkono wa kaka usingethubutu kufika.

"Aende," alisema, akiokota misumari sakafuni mmoja mmoja. "Fundi wa sokoni ana macho. Ataanza kwa kumuuliza hiyo alama ya shingoni kaipata wapi."