Mashine Iliyomsingizia Nagarathna

Siku ya kuombea vyombo vya kazi, ofisini kwetu Mysuru, India, hakuna anayegusa kibodi. Zinapakwa unga mwekundu, zinavishwa maua, zinapumzika. Bosi wetu, mzee Shivananjappa, hana mchezo na hilo. Mimi, kusema kweli, hufuata wali wa ukwaju tu.

Hatujavunja hata boga mlangoni, lile la kufukuza husuda linalofunga ibada, simu ikalia. Alikuwa Nagarathna, karani wa kituo cha maziwa upande wa Mandya. Programu yetu ndiyo inayokokotoa kiwango cha mafuta ya maziwa, ambacho mfugaji hulipwa kwacho: mashine ya kituoni hukokotoa kwanza, kompyuta ya makao makuu hurudia kuhakiki. Tangu jana jioni majibu ya kituo chake yalikuwa yanazidi ya makao makuu, na vituo vingine vyote viko sawa. Wanakijiji wakasema anawapandishia ndugu zake malipo. Mkutano wa kumwondoa ulikuwa alasiri hiyohiyo.

"Dada Hemalatha, sijagusa kitu," alisema huku analia. "Mimi mjane, nimebaki na jina langu tu. Leo wakinifukuza kwa wizi, nitateka maji na nani?"

Roho iliniuma. Nikamgeukia Lohith, aliyeachiwa kusafisha mashine jana. Watu huosha pikipiki zao kabla ya ibada. Sisi hufuta vumbi, basi. Lohith, bingwa wa kuzidisha chumvi, aliosha hadi programu: alipandisha maktaba zote, vile vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, kwenye toleo jipya, kila mahali, ili baraka zikute vitu vipya.

"Kituo cha Nagarathna ndicho pekee chenye ile mashine ndogo, prosesa yake, ubongo wake, si kama za wengine," nikamwambia. "Toleo jipya la maktaba ya mafuta limeshatengenezwa kwa prosesa ile?"

Akakuna kichwa. Halijatengenezwa. Kisakinishi, programu inayoweka matoleo mapya, kilikuwa kimelikosa, kikabakiza la zamani, kikanyamaza. Kwa hiyo kijijini programu iliyoandikwa kwa Python ilikuwa inaita toleo la zamani, makao makuu ile ya Java inaita jipya, na jipya linahesabu athari ya joto la maziwa kwa namna yake. Maziwa yaleyale, majibu mawili, na mwizi akapatikana.

Dawa ilikuwa nyepesi: kurudisha toleo la zamani kila mahali na kulifunga hapo, kwa Python na kwa Java, mpaka la prosesa ile litoke. Lohith akashauri tungoje kesho. Nikamwambia akale hiyo kesho yake.

Nilimwendea mzee nikiwa nimeshakata tamaa. Alinisikiliza hadi mwisho, udi unafuka mkononi.

"Huyo mama bado analia?"

"Bado, mzee."

Akavua shada kwenye kibodi yangu, akaufuta ule unga kwa ncha ya shuka yake nyeupe, nguo ya sikukuu.

"Mashine inayomsingizia mtu haijaoshwa," akasema. "Iosheni kwanza. Ibada itangoja."

Majibu yalipolingana, mzee mwenyewe alimpigia mwenyekiti wa kijiji, akamwambia kosa ni letu na alitangaze mkutanoni kwa sauti. Kisha nikampigia Nagarathna. Aliuliza kama anaweza kufungua kituo, maana ng'ombe hawajui sikukuu.

Jioni, kipimo cha kwanza kilichoingia kutoka kwake kilikuwa cha maziwa ya mwenyekiti. Ndipo tukavunja boga.