Mupangaji Bila Mama

Bantu ba bureau mi sibawezi, nakuambia kweli. Ba hapa kwetu na ba ng'ambo ya ziwa, bote balizaliwa na mama mumoja. Mukwe wangu Lukmani alivuka kwenda Kigoma kutengeneza mitumbwi. Kazi akapata, kibali cha kukaa akapata, tukafurahi sana. Njo akaenda bureau ya uhamiaji kuomba muke wake amufuate. Muke wake ni Waridi, mutoto wangu mumoja tu ambaye Mungu aliniachia. Bakamuambia: lete kwanza barua ya mwenye nyumba, tuone uko na chumba chenye mulango wake, maana kulala na bavulana benzako kwenye banda la mbao si nyumba. Sawa. Akaenda kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akamuambia: lete kwanza kibali cha muke, nione kama ni muke kweli. Akarudi bureau: lete nyumba. Akarudi kwa nyumba: lete kibali. Miezi ikapita hivyo, mukwe wangu anazunguka kati ya Kigoma na Ujiji, na huku kwetu, muji wa Baraka, tumbo la Waridi linakuwa.

Tumbo, ndiyo. Lukmani alikuja kwa Idi, akakaa siku chache tu, lakini hakukaa bure. Sasa tumbo likikuwa sana hakuna mwenye mutumbwi atakubali kulivusha. Na mutoto akizaliwa huku, hicho ni kibali kingine cha kumuombea, na kwa kile cha kwanza tu tulishakonda.

Mwisho akapatikana Bi Asha. Huyu Bi Asha ni mujane wa Ujiji, iko na nyumba kubwa ya vyumba, na yeye alisema haamini karatasi, anaamini macho yake. Alikuwa anakuja Baraka kwa harusi ya mutoto wa kaka yake, na akasema atapita kwetu kuona huyo muke anakaa namna gani. Akipenda, ataandika barua palepale. Ila kitu kimoja hakitaki kabisa: ndugu ba mupangaji. Kumbe zamani alipangisha muntu wa Ubwari, huku upande wetu, mwanaume mumoja na mufuko mumoja. Mvua haijaisha, mule chumbani iko bashemeji, iko batoto ba mujomba, na nyavu za ndagala, bale samaki badogo, zinaning'inia kwenye korido mupaka yeye mwenyewe anapita ameinama. Lukmani akamutuma mwenye mutumbwi atuambie kwa mudomo: "Akute bantu kidogo. Kidogo kabisa."

Kidogo! Huku Baraka! Nyumbani kwangu hata paka iko na bageni.

Lakini nilicheza. Nilishika kiuno nikazunguka mule jikoni mupaka sufuria ikaanguka. Nikamuita Waridi nikamuambia mupango wangu: siku hiyo atakuwa peke yake, hana kaka, hana shangazi, hana binamu, hana muntu.

"Na we, mama?" akauliza.

"Mi nitakuwa jirani."

"Jirani?"

"Jirani aliyepita kuomba chumvi. Akiuliza, we huna mama."

Waridi akaniangalia. "Na kule nikizaa, nani atanikamata mugongo? Jirani?"

Hapo alinipiga penyewe. Kwetu mutoto wa kwanza anazaliwa mama ya muke iko pale, hiyo haina mujadala. Mi nilikamatwa mugongo na mama yangu, naye na wake. Sasa kama Waridi anaenda Ujiji bila mama, basi bila mama kweli, maana kwa mwenye nyumba marehemu hawezi kushuka mutumbwini na vikapu. Nilijua. Lakini nikamuambia: "Ujiji iko bamama, na bao banajua kuzaa. Unataka bwana yako ao unataka mugongo?" Akalia. Nikamugombeza. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia na mi, vizuri tu, nikapangusa macho na kanga, nikarudi kwa mupango wangu maana ulikuwa mutamu.

Siku yenyewe ilipofika, kabla jua halijapanda, batoto ba dada yangu nilibatuma Lubondja kwenye shamba la mahindi. Halafu tukaanza kutoa bintu. Vitanda vyote tukatoa nje, tukabakisha kimoja. Mikeka tukakunja, viti tukabeba, sufuria kubwa za wageni tukazipanga kando ya ua wa jirani, Bi Asha asije akahesabu bantu kwa kuhesabu mahali pa kulala. Moto sikuwasha, kwa sababu moshi wa jiko langu unaita bantu mupaka ba mutaa wa pili. Chai niliomba kwenye thermos.

Bajirani bakauliza: "Mama Waridi, kuko nini?"

"Musiniulize," nikasema. "Leo musikuje kwangu."

Kwetu safari haitangazwi kabla miguu haijaingia kwenye mutumbwi, macho ya bantu ni mengi. Na mi macho yangu bado yalikuwa mekundu toka nyuma ya jiko.

Sasa we fikiri mwenyewe. Vitanda viko nje. Mikeka iko nje. Moshi hakuna. Batoto banapelekwa mbali asubuhi mapema. Mama wa nyumba macho mekundu, anasema musiniulize. Huku kwetu nyumba hiyo iko na nini? Mi ambaye nimetoa vitanda kwenye nyumba za kilio za mutaa muzima, mi sikufikiri! Kichwa changu kilishavuka ziwa.

Wa kwanza kupita alikuwa Mukantwari, mama wa kule milimani ambaye anashusha maziwa, rafiki yangu, mulokole, muntu wa maneno mengi. Akasimama mulangoni. Akaangalia vitanda. Akaangalia jiko; Waridi alikuwa ndani anajipamba, hakumuona. Akaweka chini chombo cha maziwa pole pole, akaondoka bila hata kuniomba chombo cha jana. Nikasema asante Mungu, huyu leo hana maneno.

Bi Asha akafika. Murefu, buibui jeusi mupaka chini, mufuko mudogo mukononi, ananukia udi. Mutaa wote ulimuona: mama asiyejulikana, amevaa nyeusi, anaingia kimya na mufuko. Baadaye balinieleza. Balisema, haya, muosha maiti amefika.

Waridi akapiga magoti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Kiswahili chake laini, unaweza kukipaka kwenye mukate. Akaonja chai. Akafungua mulango wa chumba, akaona kitanda kimoja, akatikisa kichwa vizuri. Akapitisha kidole juu ya dirisha, hakupata vumbi. Mi niko kwenye kona, bakuli la chumvi mukononi, nimejikunja ki-jirani.

"Ndugu zako?"

"Sina, bibi."

"Na mama?"

Waridi akashika ncha ya kanga yake. Akaniangalia. Nikaona anaharibu, nikaruka.

"Huyu? Hana mama, masikini," nikasema. "Mama yake alikufa zamani. Mi jirani tu, nilikuja kuomba chumvi."

Bi Asha akamugusa Waridi kwenye shavu. "Pole, mwanangu. Yatima." Kisha, we! Akafungua mufuko, akatoa karatasi, akatoa kalamu. Nilishika bakuli kwa nguvu nisipige vigelegele. Akaandika juu jina lake, akaandika Ujiji, akaandika chumba. Nilikuwa nafuata kalamu kama paka anafuata samaki.

Njo tukasikia kelele, mi na Bi Asha tukatoka uani kuangalia.

"Yooo! Yoo yoo! Waridi mutoto wetu, umetuacha na nani!"

Mukantwari mbele, mikono kichwani. Nyuma yake bamama ba kanisa lake ambao balishuka kwa soko, wimbo wa maziko umeshaanza, sauti ya kwanza na ya pili. Nyuma yao bamama ba musikiti, kanga zimefungwa kiunoni, kuni kichwani, unga kichwani, "inna lillahi" inapanda juu ya wimbo na wimbo unapanda juu yake. Jirani yetu Waziri, mwenye mitumbwi, na banaume benzake bamebeba mbao za kaburi. Kulikuwa na mbuzi. Citoyen wa parti, mukubwa wa chama huku mutaani, alikuja na abakosi yake, lile koti la bakubwa, akasimama juu ya kimoja cha vitanda vyangu, akasema, "Bananchi, tunyamaze dakika moja," na hakuna aliyenyamaza hata kidogo.

Bakaniangukia. "Mama Waridi, pole! Mama Waridi, mutoto wako mumoja! Jana tu alikuwa anatwanga!" Mimi napiga kelele hapana, hapana, na bao banasema muache alie, muache atoe. Mama mumoja alijikwaa na mufuko wa unga, ukapasuka juu ya Bi Asha toka kilemba mupaka viatu. Mwengine akamushika mukono kwa heshima akamuuliza: "Mama, mumeshamaliza kumuosha?"

Na Waridi akatokea mulangoni na kikombe cha chai.

Ee Mungu wangu! Mukantwari alirudi kinyumenyume akamukalia mbuzi. Mbuzi akapita katikati ya ba sauti ya pili. Waziri alitupa mbao akakimbia, mwanaume muzima, mupaka barabarani, na citoyen wa parti alifika barabarani mbele yake. Waridi anasema, "Ni mi, ni mi, sijafa," na kila akisema bantu banazidi kukimbia. Mupaka Mukantwari akapata nguvu akaenda kumufinya mukono. "Iko moto!" akalia. "Iko na mimba na iko moto!" Hapo ua wote ulipasuka kwa kicheko. Bamama balicheka bakakaa chini kwenye unga. Mi nilicheka mupaka machozi, nimeshika mbavu, nimesahau kabisa kwa nini vitanda viko nje.

Kisha nikamuona Bi Asha. Mweupe mutupu, macho tu meusi. Yeye hacheki.

"Jirani," akasema.

Nikaachia mbavu, nikasimama sawasawa.

"Nimedanganywa na wapangaji wengi," akasema. "Lakini bado sijaona mama anayejizika mwenyewe kwa ajili ya chumba, na binti amekaa pembeni anakunywa chai." Akakunja karatasi, akairudisha kwenye mufuko. Waridi akaweka mukono juu ya tumbo lake. Hiyo ndiyo iliniua.

Sasa, mi nikiogopa nakuwa mukali, niliumbwa hivyo.

"Simama hapo!" nikasema. "Simama, mama wa Ujiji! Si yeye aliyenikana. Ni mi. Mi nilijiua na huu mudomo, ili mutoto wangu alale nyumba moja na bwana yake. Ungesema unapangisha kuku tu, ningemufundisha kutaga! Na ndugu iko nabo. Angalia, hawa hapa, bote! Na sikudanganyi tena: batakuja Ujiji. Huyu ataleta maziwa, huyu ataleta samaki, bataleta na maneno yao. Na mbele yao kwenye mutumbwi nitakuwa mi, maana mutoto wangu hatazaa mutoto wa kwanza mbele ya ukuta!"

Hapo njo nilisikia nilichosema. Nilimuangalia Waridi, nikajua nimemuharibia kabisa, kibali, bwana, yote, kwa pumzi moja. Nilitamani ardhi inimeze na chumvi yangu.

Bi Asha akapangusa unga kwenye nyusi. Akaangalia kuni, akaangalia mbao, akaangalia mbuzi.

"Hawa wote," akasema, "wamekuja kwa ajili ya huyu mmoja?"

"Bengine bako njiani," Waziri akasema. Alikuwa amerudi, haya imemujaa. "Ba kule Lulimba tulibatumia muntu asubuhi hii tu."

Muntu mumoja akacheka, akafinywa. Bi Asha akakaa kwenye kitanda changu kule nje, katikati ya ua, akanyoosha muguu mumoja halafu mwengine, anaugulia magoti. Akamuita Waridi na kidole.

"Mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza, bibi."

"Ya kwanza." Akavuta pumzi ndefu. "Mimi sina magoti ya kumshika mtu mgongo. Hapa kukaa tu ni kazi." Akatoa tena ile karatasi, akaikung'uta unga, akaiweka juu ya mufuko wake. Akaandika anasoma kwa sauti, pole pole, ili bote basikie na asiwepo wa kusema hakusikia. "Chumba kimoja chenye mlango wake. Mume. Mke." Kalamu ikasimama. "Na mtu mmoja wa kumwangalia mzazi, mpaka atoke arobaini. Mmoja! Si hawa. Na nyavu hapana."

Waridi akaanza kulia. Mukantwari akamushika.

Bi Asha akainua macho, akanitafuta mule kwenye bantu mupaka akanipata.

"Haya. Uhamiaji watataka jina," akasema. "Nimwandike nani? Jirani?"

Ua ulinyamaza, nakuambia, namna hata citoyen wa parti hakuipata. Nikafungua mudomo. Sauti ikakataa. Mi! Mi ambaye bananisikia toka huku mupaka kwa bavuvi! Nikajaribu tena.

"Mama Waridi," nikasema. "Andika Mama Waridi."