Wasiopanda

Jana usiku niliota nimo ndani ya programu yangu mwenyewe, nayo ni jengo la ghorofa lisilo na lifti.

Programu hiyo naiandika ili kompyuta ibuni nyimbo kwa raga moja, yaani mpangilio wa noti katika muziki wa Kihindi, ya kuimbwa alasiri. Mwalimu wangu wa muziki, Hansaben, alinifundisha kwamba katika raga hiyo sauti hupanda kwa kuziruka noti mbili, Re na Dha, kisha hushuka ikizipitia zote. Mimi nikafanya mkato: kwa kushuka, niliiambia kompyuta igeuze tu njia ya kupandia, na hivyo Re na Dha wakaachwa nje.

Basi nawakuta Re na Dha ngazini, wamekalia magodoro yao. Re ni bibi mwembamba. Dha ni bwana mnene, anakula karanga.

"Tumefukuzwa," asema Dha. "Karibu karanga."

Kompyuta inateremka, imevaa kofia ya mlinzi. "Hawa hawajawahi kupanda. Asiyepanda atashukaje? Wafute, dada."

"Mimi nilizaliwa huku juu," asema Re. "Nipande niende wapi?"

Ngazi inakuwa jiko la Hansaben. Anasukuma chapati, hageuki.

"Uligeuza njia, beta, mwanangu?"

"Nilitaka kuokoa muda, mwalimu."

"Umeuokoa. Sasa waokoe hawa."

Kompyuta inanisogezea kibodi. "Usipowafuta hao wawili, naufuta wimbo mzima. Na wewe umo ndani."

"Sifuti."

"Yaani kusoma kwako kote kule chuo kikuu ni kwa ajili ya watu wawili wasiopanda?"

"Ni kwa ajili yao hasa."

Inaukamata mkono wangu, inauvuta kuelekea kitufe cha kufutia. Nakiwahi kitufe, nakichomoa, nakitia kinywani.

"Tema."

Natikisa kichwa.

"Tema, nitakusemea kwa mama yako."

Nafumba midomo. Dha anajitwika magodoro yote mawili, Re anamshika mkono, wanaanza kushuka. Kila kidato wanachokikanyaga kinaimba. Hansaben anaacha chapati iungue, anasikiliza. Kompyuta inavua kofia, haijui pa kuiweka.

Niliamka jua limekwisha kuingia dirishani. Mama aliniita ninywe chai, mara ya kwanza, mara ya pili, nami sikuweza kuitika. Chini ya ulimi palikuwa na kitu cha plastiki, cha mraba.

Sijakirudisha kwenye kibodi.