Kibao cha Msonge

Verediana alikuwa akichuja dizeli kwa kipande cha kanga kuukuu, huku watu wa zamu wakimwaga udongo mwekundu mdomoni mwa mashine. Wengine walileta maji kwa madebe, miti na matita ya nyasi. Vyote vilipokwisha kuingia, alisukuma kibao cha NYUMBA kwenye droo, akavuta mkono wa chuma, na kabla jua halijapinda mashine ikawa imetoa nyumba nzima, na ukuta wake na mlango wake na paa lake. Kisha ikasogea kando kidogo, kama kuku aliyemaliza kutaga, ikangoja udongo mwingine.

Ilikuwa mwaka sabini na nne, katika kijiji kipya kando ya barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo. Watu walikuwa wameshushwa vilimani kwa malori, na nyumba zao za zamani zikachomwa ili wasirudi. Verediana alipewa mashine aiendeshe kwa sababu alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima, na mumewe alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, kwa hiyo hapakuwa na wa kumkataza.

Vibao vya mashine vilikuwa vya mninga, maneno yake yamechomwa kwa msumari wa moto. Kibao cha UKUTA kilieleza namna ya kupandisha ukuta, cha PAA namna ya kuezeka, na kile cha NYUMBA kiliviita vyote kwa zamu. Nyumba zilitoka za pembe nne, zote zimeelekea barabarani. Mashine haikujua duara.

Esteri, mama yake Verediana, hakuwamo kijijini. Siku ya kuhama, Verediana alipandishwa lori la kwanza, na mama yake, aliyekaa juu zaidi mlimani, alikuwa aje na la mwisho. Lori la mwisho likafika bila yeye. Kipriani, mwenyekiti wa kamati ya kuhamisha, alisema bibi amevuka mpaka kwenda kwa ndugu zake Burundi. Alisema hivyo huku anakula hindi la kuchoma, na hakuacha kutafuna.

Esteri hakuwa na ndugu Burundi.

Verediana hakubishana naye. Alikwenda kwa seremala akaomba ubao wa mninga, akatia msumari kwenye makaa, akaanza kuandika kibao chake mwenyewe. Akakiita MSONGE. Aliandika duara la ukuta, nguzo ya kati, mafiga matatu, na paa la nyasi linaloshuka mpaka karibu na ardhi, vile alivyoikumbuka nyumba alimozaliwa. Nyumba ikirudi, aliwaza, itasema nani alikuwamo.

Alipokitia drooni na kukiita kwa mkono wa chuma, mashine ilikohoa tu, ikanyamaza.

Hilali, fundi kutoka Kasulu, alikuja kutia grisi. Alikuwa mtoto wa mwenye duka, kijana wa kofia ya viua na maneno machache. Alikisoma kibao mpaka chini.

"Kimeandikwa vizuri, dada," alisema. "Ila mashine haijui kama kipo. Inavijua vile ilivyozaliwa navyo. Chako lazima ukipakie kwanza, uionyeshe kilipo, ndipo ukiite. Na ukiizima usiku inakisahau. Kesho unapakia tena."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

Basi Verediana akachonga kibao kidogo cha PAKIA, akakitanguliza drooni. Safari hii mashine ilielewa. Ilizungusha ukuta, ikauzungusha tena, ukapanda juu ya miti, ukapanda juu ya moshi wa meko, mpaka bustani ya mchicha ya jirani yake Josepha ikaingia kivulini. Ilibidi dizeli ifungwe.

"Hukuiambia iishie wapi," alisema Hilali, shingo ameikunja kutazama juu. "Mashine haisomi nia, dada. Inasoma kibao."

"Mchicha wangu lakini," alisema Josepha.

Verediana alimpa Josepha sehemu ya bustani yake, akawasha makaa upya. Aliandika mahali pa ukuta kukoma. Hilali akamweleza na jambo la mwisho: kibao lazima kipokee kitu na kirudishe kitu, maana kibao kisichorudisha kitu ni kelele tupu. Kwa hiyo alitoboa tundu katikati ya ubao, mahali pa jina la mwenye nyumba, na chini kabisa akachoma maneno haya: *rudisha nyumba na vilivyomo*.

Akapakia. Akakiita. Akainama, mdomo kwenye tundu, akasema, "Esteri."

Mashine ilifanya kazi bila haraka. Msonge uliotoka ulikuwa na masizi ya zamani ndani ya paa, chungu cha maharage mekoni, na mlango wenye komeo upande wa nje. Verediana alivuta komeo. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, nywele zimeungua upande mmoja, shuka limenata begani.

"Umechelewa," alisema Esteri.

"Walisema umevuka mpaka, mama."

"Nivuke kwa miguu ipi? Nilisema sihami mpaka maharage yaive. Kipriani akafunga mlango kwa nje. Nilimsikia anamwomba mtu kibiriti."

Watu wa zamu walikuwa wamesimama na madebe yao. Kipriani naye alikuwapo, amekuja kukagua. Aliizunguka nyumba, akaipima kwa macho.

"Hii haijaelekea barabarani," alisema, akaenda zake.

Jioni ile Verediana alimpaka mama yake mawese kwenye majeraha. Maharage yalikuwa yameshaiva, wakayala.

Kulipokucha walidandia lori la muhogo mpaka Kasulu. Verediana alikuwa ameapa hatarudi bila kusikilizwa. Walizunguka ofisi hii na ile, wakaambiwa wakae, wakaambiwa wasimame, na walipoambiwa waje wiki ijayo Verediana alitandika kanga barazani wakalala hapohapo. Mwishowe walipokelewa na ofisa mmoja mpole, mgeni kutoka mkoa mwingine. Alimpa Esteri kiti, akaagiza chai.

"Aliyekufa ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi," alisema Esteri, akipuliza chai yake.

Ofisa aliweka kalamu chini. "Mama yangu, kama umekufa, huwezi kutoa ushahidi. Na kama uko hai, hakuna aliyeuawa."

"Alifunga mlango kwa nje," alisema Verediana.

"Huo mlango uko wapi?"

"Upo. Umerudi pamoja na nyumba, na komeo lake."

"Ulitengenezwa lini?"

"Juzi."

"Basi huo ni mlango mpya," alisema ofisa kwa huzuni ya kweli. "Ule wa zamani ungetusaidia."

"Uliungua," alisema Esteri.

"Ndiyo, mama. Hilo ndilo tatizo." Akamwongezea sukari.

Walirudi kwa lori lilelile. Njiani Verediana hakulia. Aliuliza tu dizeli inauzwaje, na dereva akampatia dumu.

Kijijini Esteri alipewa jembe na sehemu yake katika shamba la pamoja, kwa kuwa sasa alikuwa mkazi. Watu wakaanza kuja kwa Verediana, mmoja mmoja, wakimnong'oneza majina. Kila asubuhi alipakia kibao kabla ya kazi nyingine yoyote, akaita. Nyumba nyingine zilitoka tupu, na waliouliza wakashukuru. Nyingine hazikutoka tupu. Misonge ikajaa upande wa nyuma wa kijiji, milango yake imeelekea mlimani, na kila alipoamriwa aigeuze Verediana alijibu kwamba ndivyo kibao kilivyoandikwa.

Kipriani alipandishwa cheo, akahamia Kibondo, akapewa gari. Kila alipopita kwenda Kasulu alipunguza mwendo kijijini kwa sababu ya mashimo, na Esteri mara nyingi alikuwa kando ya barabara akianika muhogo.

"Shikamoo, mama," alisema Kipriani dirishani.

"Marahaba, Kipriani. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Tunashukuru."

Gari likaenda, vumbi likatua juu ya muhogo, na Esteri akaanza kuugeuza upande wa pili. Ng'ambo ya barabara mashine ilikuwa ikinguruma. Verediana alifuta mikono kwenye kitenge, akainama kwenye tundu, akatamka jina la Ndayiragije, mzee mmoja wa mlima wa pili ambaye hakuwa na mtu wa kumwulizia.