Mwendo wa Ghislaine Aubertin

Kwa miaka kadhaa mimi ndiye niliyekuwa miguu ya Ghislaine Aubertin, na sikuwahi kumwona ana kwa ana.

Nilimwona kwenye skrini tu, katika chumba chenye giza cha studio ya Boulogne, yeye akitembea kule juu na mimi nikitembea huku chini mbele ya maikrofoni. Wakati wa kupiga picha, waigizaji hubandikwa kitambaa kizito chini ya soli ili viatu visifunike maneno, kwa hiyo filamu hutufikia watu wake wakitembea kama paka. Kazi yetu, mimi na Mjomba Anatole, ilikuwa kuwarudishia vishindo vyao. Milango yeye, vikombe yeye, farasi yeye, wanawake wote mimi.

Kazi hiyo ilinifaa. Niliacha shule mapema baba alipougua, na hata leo mtu akiniuliza jambo mbele za watu ulimi unaniganda. Kwenye giza lile hakuna aliyeniuliza kitu.

Ghislaine alianza kwa kuimba katika kumbi ndogo za Roubaix, nyimbo ambazo kila dereva wa lori alizijua, kisha sinema ikamchukua. Katika filamu yake ya kwanza alivaa gauni la kuburuta, miguu haikuonekana kabisa, nami nikatembea nilivyojua. Filamu zilizofuata zikawa rahisi zaidi. Gauni lilipanda, miguu ikaonekana, na hatua zangu zikakaa juu ya zake kana kwamba tulizaliwa tumbo moja. Magazeti yakaandika kuhusu macho yake, ndoa zake mbili, na mwendo wake. Hasa mwendo: ncha ya kiatu kwanza, kituo kidogo kama mtu anayefikiri, halafu kisigino. Wasichana wa ofisini waliuiga wakishuka kwenye metro. Nilipita katikati yao na viatu vyangu bapa, nikijiuliza: hivi yeye mwenyewe anatembeaje akiwa peke yake, akienda jikoni kuzima gesi?

Halafu ikaja filamu iliyoongozwa na Bwana Pontaillac.

Kulikuwa na sehemu moja ambapo Ghislaine, mtumishi wa nyumba ya matajiri, anaondoka asirudi tena. Anatoka mlangoni mikono mitupu, anavuka ua wa mawe, anafika kwenye geti. Hakuna muziki wala neno. Ni miguu tu.

Nilishindwa. Asubuhi nzima nilishindwa. Ncha yangu ilitangulia pale ambapo yake haikutangulia, na kisigino changu kilichelewa pale ambapo chake kilikwisha tua. Nilibadilisha viatu, nikavaa vya mchuchumio, nikavaa vya ngozi, nikavaa vya Mjomba.

"Tena," Bwana Pontaillac alisema kutoka nyuma ya kioo.

Nikarudia.

"Mzee Anatole, mpwa wako amelala?"

"Hajalala, bwana. Labda ni huyo mtu wako wa kwenye picha aliyelewa."

"Usinichekeshe. Watu wanalipa kusikia mwendo wa Ghislaine. Binti asipouweza leo, kesho namleta yule mama wa Joinville, na mkataba nampa yeye."

"Yule? Anatembea kama kabati linahamishwa!"

"Kabati linalofika kwa wakati," Bwana Pontaillac alisema, akavaa koti lake na kwenda kula.

Mjomba alinipa kipande cha mkate na soseji, akanipiga begani, akamfuata ili ambembeleze. Nilibaki peke yangu na ile picha iliyosimamishwa. Sikujua kazi nyingine ambayo mtu asiyesema angeweza kupewa, labda kurudi Bretagne kukamua ng'ombe wa watu. Lakini nikisema kweli, kilichonisumbua zaidi wakati ule ni udadisi. Mtu hubadilishaje mwendo wake? Ameumia? Amezeeka? Viatu vinambana?

Ndipo nikasikia mtu anakuja kwenye korido.

Ncha. Kituo. Kisigino.

Nilikuwa nimekaa, viatu viko mapajani, na miguu yangu ilikuwa inakuja kwenye korido bila mimi.

Mlango ukafunguka, akaingia mwanamke mfupi mwenye koti zito, pua nyekundu kwa baridi. Alikuwa amekuja kurekodi upya maneno yake. Alitazama mchanga, mawe, vikombe vilivyovunjika, kisha akanitazama mimi.

"Wewe ndiye Soizic?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Yesu wangu, ni katoto! Nimetaka kukuona tangu ile filamu ya kwanza." Akaketi juu ya gunia la mchanga kama mtu aliyefika kwao. "Nilikwenda kuiona na mama yangu. Nikatokea kwenye skrini, nikatembea, mama akanipiga kiwiko: 'Wee, huyo si wewe. Wewe unatembea kama punda wa muuza mkate.' Watu wakamnyamazisha. Na wiki ile magazeti yote yakasifu mwendo wangu. Ningefanya nini? Nilijifungia ndani nikajifunza. Umenitesa vifundo vya miguu, mdogo wangu."

Nikaviweka viatu chini.

"Sasa niambie. Ulijifunza wapi? Kwa wacheza dansi?"

"Nyumbani," nikasema. "Baba alikuwa mgonjwa. Mbao za sakafu zilikuwa zinalia. Naweka ncha, nasubiri kama atakohoa, halafu naweka kisigino."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikamwisha ghafla.

"Na Ufaransa nzima inadhani ni mahaba," alisema.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilinyoosha kidole kwenye skrini. "Lakini huu hapa si wangu."

"Si wako."

"Ni wa nani, Bi Ghislaine?"

Alivua glavu, moja kisha nyingine.

"Mama alikuwa dobi. Maisha yake yote alibeba kapu la nguo zilizoloa, hapa, nyonga ya kushoto. Hata Jumapili, akienda kanisani mikono mitupu, alitembea na kapu. Alikufa kabla ya Krismasi. Nina picha zake akiwa amekaa, akiwa kwenye harusi, lakini akitembea sina hata moja. Kwa hiyo siku ile pale uani, nilimtembea yeye. Pontaillac hakujua."

"Anataka ule wa zamani."

"Najua. Akiuweka, mama atapita ua mzima na miguu yako." Akainuka, akaliburuta lile gunia. "Wewe unaangalia miguu. Angalia mabega."

Nikaangalia. Bega la kushoto lilikuwa juu kidogo, na mwili wote uliinamia upande wa pili. Mikono mitupu, lakini mwanamke yule alikuwa amebeba.

Akanipandisha gunia nyongani. "Shikilia. Usimwage maji."

Bwana Pontaillac aliporudi, Mjomba nyuma yake, alitukuta hivyo. Akafungua mdomo, Ghislaine akamwahi: "Washa mashine. Kelele baadaye."

Taa zikazimika. Yule mwanamke akatoka mlangoni, nami nikatoka naye. Uzito ulinivuta chini na mguu wa kulia ukalazimika kutua wote kwa mara moja, mzito, wa kushoto ukifuata kwa kuburuta kidogo. Sikuhesabu wala sikufikiri. Jiwe kwa jiwe tulikwenda pamoja hadi kwenye geti, na geti Mjomba akalifunga.

Nyuma ya kioo mashine ikasimamishwa.

"Nani huyo?" Bwana Pontaillac aliuliza.

"Ni mimi," Ghislaine akasema. "Nilitembea hivyo mbele yako. Ulikuwa unaangalia nini?"

"Uso."

"Basi rudisha, ufumbe macho."

Akarudisha. Aliwasha sigara, akaisahau mkononi. "Watu watasema si wewe."

"Kuna mtu alishasema hivyo zamani. Wakamnyamazisha."

Alitazama skrini iliyokuwa tupu kwa muda, kisha akazima sigara ambayo hakuivuta. "Ibaki," akasema. "Na yule mama wa Joinville mwambieni asije."

Mjomba akanishusha gunia, akaninong'oneza, "Umesema leo, ee? Nimesikia mpaka mlangoni."

Jioni, maneno yake yalipokwisha kurekodiwa, Ghislaine alikuja kuaga. Nikamuuliza, maana kinywa kilikuwa kimeshafunguka na udadisi haujaisha: "Na sasa utatembea upi?"

"Huo wako sikurudishii," alisema akivaa glavu. "Nimeulipia kwa vifundo."

Akatoka. Nilisimama mlangoni nikasikiliza. Ncha, kituo, kisigino, korido nzima, safi kabisa, hata mimi singeutofautisha na wangu. Halafu akafika kwenye ngazi, ambako taa ilikuwa imeungua na mtu alipaswa kuangalia asianguke. Hapo akasita. Kisha nikamsikia akishuka, mzito, wa kushoto ukiburuta kidogo, mpaka chini.