Asante kwa Maoni Yako

"Soma, fundi," Raheli aliniambia mbele ya mama yake, akanisukumia simu. "Kwa sauti, mama asikie."

Hadi leo nikiikumbuka ile sebule ya Mgori natamani kutema mate. Na si wao wanaonitia kinyaa. Ni mimi.

Nashona nguo Singida Mjini. Kati ya suruali na suruali naandika hadithi fupi kwenye simu, naziweka kwenye ukurasa wangu. Watu waliponisifu, nilivimba kichwa, nisiseme uongo. Nikajiwekea desturi ya kumshukuru kila aliyetoa maoni. Mwanzoni niliwajibu mmoja mmoja, kwa moyo. Walipozidi, nikatunga shukrani moja tu, nikawa nainakili na kuibandika chini ya kila mtu bila hata kusoma, miguu yangu ikiendelea kukanyaga cherehani: "Asante sana mdau wangu, maoni yako ni baraka."

Raheli alikuja kushonesha sare za arobaini ya baba yake, mzee Philipo, mrina asali. Nikiwa nampima alinisimulia jinsi mzee alivyopanda mti kushusha mzinga, tawi likakatika. Akaniambia kwa mdomo wake kwamba baba yake alikuwa mzee wa kanisa na hakuwahi kuonja pombe. Alilia mpaka nikaweka futi chini. Nikampa pole, lakini kichwani, laana gani hii, nilikuwa tayari natafuta sentensi ya kwanza.

Niliandika wiki ile ile. Jina nilibadilisha. Kidole cha mzee kilichokatika nikakiacha vilevile, baiskeli yake ya bluu nikaiacha, na kanisa lake pia. Halafu nikaona tawi kukatika hivi hivi hakuna funzo, na wasomaji wangu wanapenda funzo. Basi nikamlewesha marehemu chakari ndipo nikampandisha mtini.

Maoni yalifurika. Nikabandika shukrani zangu mpaka kidole gumba kikauma. Katikati yao alikuwemo Raheli: "Huyu ni baba yangu. Kijiji kizima kimemtambua. Kwa nini umemfanyia hivi?" Na chini yake mimi, mwandishi mzima: "Asante sana mdau wangu, maoni yako ni baraka."

Jibu hilo lilikaa pale siku tatu. Deo, jirani yangu muuza vitenge, ndiye aliyenionyesha. "Gerald, hivi una akili timamu wewe?" akauliza. Nilifunga kibanda, nikakodi bodaboda hadi Mgori, kijijini kwao Raheli, kuomba radhi. Hadithi sikuifuta. Mungu anisamehe, watu walikuwa bado wanaipenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mjane alikuwa amekaa kwenye kigoda, hakunitazama. "Kanisani wananiuliza kama miaka yote hiyo nilikuwa namfichia. Mimi kusoma sijui. Nisomee wanavyosema."

Ndipo Raheli akanipa ile simu. Nikasoma: "Mlevi kama huyo, afadhali alivyokufa."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimshukuru, mama."

"Mwingine."

"Bila shaka mkewe ndiye aliyekuwa anampikia hiyo pombe."

Alitazama viganja vyake, vimekomaa kwa jembe. "Huyo naye?"

"Nilimshukuru."

Nilishindwa. Nikapiga magoti sakafuni, nikasema nimekosa, nitaifuta sasa hivi, nitaandika ukweli, nitasimama hata kanisani nikiri. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Hayo yote utayafanya," alisema. "Ukimaliza kusoma." Kisha akamgeukia binti yake. "Raheli, mletee mgeni maji ya kunywa. Bado yapo mengi ya kusoma."